Shtaka la Elisante

Chome, Alhamisi, Machi 1971

Basi, hawatamfunga maisha. Nimeanza na hilo ili nilione kwa macho yangu.

Tangu mume wangu Elisante ampige jirani yetu Zakaria kwa mpini wa jembe, wakigombea zamu ya maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, kijiji kizima kilikuwa na neno moja: kujaribu kuua. Kifungo cha maisha.

Leo mahakamani Same wamesoma shtaka: shambulio la kudhuru mwili. Sikuelewa. Nikamnong'oneza karani, "Baba, hilo ni afadhali?"

"Afadhali sana, mama. La kuua lazima ithibitike alikusudia kumtoa roho. Hili halizidi miaka mitano, na hakimu anaweza hata kumwachia kwa masharti."

Miaka mitano! Hata hiyo ilikuwa mingi kwangu.

Elisante akakiri kosa. Ndipo Zakaria, mkono bado una bandeji, akaomba kusema. "Mheshimiwa, mimi ndiye niliyemsukuma kwanza. Hakutaka kuniua. Naomba arudi nyumbani."

Hakimu akamwachia, kwa sharti asitende kosa mwaka mzima. Hasira za Elisante nazijua, na mwaka ni mrefu. Naogopa.

Nje nilimfuata Zakaria nimshukuru. Akasema tu, "Twende, shemeji, gari litatuacha."

Jioni hii Elisante amesema kesho ataanza kulima shamba la Zakaria, maana mkono wa mwenzake haujapona. Nikainamia moto, nikajifanya nachochea kuni, asinione nikilia.