Vipande vya Mkono Mmoja

Tunduma, Jumanne, Julai 2013, jioni

Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye chai. Baridi ya mwezi wa saba hapa mpakani haina adabu, inapita kwenye sweta kama vile hujavaa kitu. Mwanangu Atu amelala, pua imeziba, anakoroma kama mzee. Mimi nimekaa pembeni yake na simu mkononi, na nina hasira.

Hasira kweli. Siyo ile ya kununa mpaka mtu akubembeleze.

Nianze mwanzo, maana wengine mnaopita kwenye blogu hii hamjui kazi yangu. Natengeneza tovuti kwenye ofisi ndogo karibu na mpaka. Mbele kuna fotokopi, picha za pasipoti na kuchapa barua. Nyuma ya pazia kuna kompyuta mbili, ndipo tunapotengeneza tovuti za gesti, za maduka, za watu wa kutoa mizigo forodhani. Shule yangu ni kidato cha nne na kozi ya miezi mitatu Mbeya mjini. Mengine yote nimejifunza kwa kukosea.

Mwanangu alipofikisha miezi mitatu nilirudi kazini naye mgongoni. Bosi alikubali mwenyewe, kazi zilikuwa zimemzidi. Sasa Atu ana miezi kumi, na tangu siku ile ya kwanza ana ugomvi na ziwa la kushoto. Anataka la kulia tu. Kwa hiyo mkono wa kulia unambeba yeye, na kazi inabaki kwa mkono wa kushoto peke yake.

Tovuti inajengwa kwa maandishi yaliyojaa alama: mabano yenye ncha, nukta, mikwaju, ukisahau moja ukurasa mzima unapinda. Kuandika hayo kwa mkono mmoja ni adhabu. Nilikuwa narudi nyumbani kidole gumba kimekufa ganzi.

Ndipo nikagundua kwamba ile programu tunayoandikia ina sehemu ya kutunza vipande. Unaandika kipande kizima mara moja, tuseme ukurasa wa vyumba vya gesti, unakihifadhi, unakipa jina fupi. Siku nyingine unaandika lile jina fupi, unabonyeza Tab, kipande chote kinamwagika kwenye skrini kama maji. Kisha kishale kinasimama chenyewe pale unapotakiwa kujaza: jina la gesti, simu, bei.

Nilitengeneza vipande arobaini na kimoja. Na majina yake yote niliyachagua kwa herufi za upande wa kushoto wa kibodi, pale mkono wangu ulipo. Ukurasa wa gesti nikauita gest. Fomu ya kutuma ujumbe nikaiita sawa. Jedwali lina j na l, ziko kulia huko mbali, basi nikaliita dwa. Mtu akiyatazama majina yale atadhani nimeyatoa kichwani kama mlevi. Nimeyatoa kwa mtoto.

Kipande kilichonitesa kuliko vyote ni cha bei. Ndani ya kipande, alama ya dola na namba ina maana yake: kishale kije hapa, mtu ajaze. Sasa sisi huku bei za gesti tunaandika kwa dola, kwa sababu madereva wanatoka Zambia na Kongo, kila mmoja na noti zake. Nikaandika chumba dola ishirini. Kila nikikiita kipande, bei haipo. Nafasi tupu. Nikaandika tena, ikapotea tena. Wiki nzima nilihangaika na kitu hicho, siku moja nikalia chooni na Atu ananitazama. Mwisho nikagundua kwamba kabla ya alama ya dola lazima utangulize kimstari kilicholala kinyume.

Kimstari kimoja. Wiki nzima ya maisha yangu.

Edgar alikuja ofisini mwezi uliopita na diploma yake. Kijana mcheshi, msafi, na sikuwa na neno naye. Vipande nilimwonyesha mwenyewe, siku yake ya pili, kwa furaha, kama mtu anayeonyesha picha za mwanawe. Alisema, "Dada, wewe ni noma." Nikacheka. Nikavinakili kwenye kompyuta yake kwa mkono wangu.

Jana bosi akaniambia, "Mama Atu, shikilia fotokopi kidogo, kesho Edgar ana mgeni." Nikasema sawa bosi. Nilidhani ni kwa siku moja.

Mgeni mwenyewe ni Bana Chanda, kwa Kibemba chao Mama Chanda, wa upande wa pili wa mpaka, Nakonde, mwenye gesti ya madereva. Mama mnene, vitenge viwili, sauti ya kuita watu sokoni. Leo saa nne bosi kamkaribisha, kamkalisha kwenye kiti changu, pazia wakaliacha wazi. Mimi niko hatua tatu tu kutoka pale, Atu mgongoni, nakunja vyeti vya kuzaliwa vya watu.

Nikamsikia bosi kwa masikio yangu: "Huyu kijana ameunda mfumo wake mwenyewe. Tovuti nzima dakika kumi. Edgar, hebu mwonyeshe mama."

Edgar akaandika gest. Akabonyeza Tab. Ukurasa ukamwagika.

"Iye!" Bana Chanda akapiga makofi. Kisha akainama akatazama mikono ya Edgar. "Lakini mwanangu, mkono wa kulia una kidonda?"

"Hapana, mama."

"Mbona umeulaza tu hapo?"

"Ndiyo mtindo wa kisasa, mama. Wataalamu wanatumia mkono mmoja."

Wataalamu! Nilitaka kucheka kwa sauti. Na hapa nikiri jambo: nilinyamaza. Nilikunja karatasi za watu kama vile sijasikia. Miezi saba nimeandika kwa kushoto huku mtoto ananing'ata, na nikashindwa kusema maneno matatu.

Bana Chanda akataka bei zake ziingie humo humo, ili gesti yake ya pili nayo ikitengenezwa zije zenyewe. Edgar akafungua kipande, akaandika chumba cha kawaida dola ishirini, chumba chenye choo ndani dola thelathini. Akahifadhi. Akaita gest, akabonyeza Tab.

"Awe, mukwai," Bana Chanda akakataa kwa heshima za Kibemba, taratibu kabisa. "Bei yangu iko wapi?"

Edgar akaandika tena. Zikapotea tena. Akasema kompyuta ina virusi. Akaizima, akaiwasha. Bosi akawa anapangusa meza isiyo na vumbi.

"Kijana, hii mashine inanilaza madereva bure?" Bana Chanda akauliza, na yeye mwenyewe akaangua kicheko.

Nikiri la pili. Nilifurahi. Nilisimama pale nikafurahi, na sikuona haya.

"Mama Atu," bosi akaniita kwa ile sauti ya chini, "hebu njoo uangalie."

Nikaenda na mtoto mgongoni. Sikukaa, maana kiti kilikuwa na mtu. Niliinama, nikatanguliza vile vimstari viwili, nikahifadhi, nikaandika gest kwa kushoto. Tab. Dola ishirini, dola thelathini, zimekaa mahali pake.

Bana Chanda alinitazama, akamtazama Atu, akautazama mkono wangu. Yule mama si mjinga. Akauliza, "Nani alitengeneza kitu hiki?"

Nikasema, "Mimi."

Bosi akadakia: "Tunafanya kazi kama timu hapa, mama."

Bana Chanda akasema natotela, ndiyo asante ya kwao, akamfinya Atu shavu, akasema atarudi Ijumaa kuona kazi imefika wapi. Sitamsingizia kwamba alinitetea. Yeye anataka tovuti, na ana haki.

Alipotoka ndipo nikadhani bosi ataniomba radhi. Nilikuwa mjinga kiasi hicho.

"Mama Atu, usinivunjie biashara mbele ya mteja," akaniambia.

"Nimevunja nini, bosi? Nimerudisha bei."

"Ile kusema mimi, mimi. Kompyuta ni ya ofisi, umeme ni wa ofisi. Hivyo vipande ni vya ofisi."

Hapo nimemkubalia, na hata sasa namkubalia. Vikae ofisini, vitumike, sikuvitengeneza nivifungie kabatini. Lakini akaendelea. Mteja akiingia akakuta mtu ananyonyesha kwenye kompyuta, anaona hatuko siriasi. Kwa hiyo nikae mbele, kwenye fotokopi, mpaka mtoto akue. Na kabla ya Ijumaa nimfundishe Edgar vipande vyote, jinsi ya kuvifungua na kuvirekebisha. "Maelekezo kidogo tu, wewe si unavijua."

Edgar alikuwa anatazama viatu vyake. Bosi alipotoka kwenda kula akaniambia, "Dada, mimi sikusema nimeviunda. Bosi ndiye aliyesema."

"Na wataalamu wa mkono mmoja, alisema bosi?"

Akageukia kompyuta yake. Vizuri.

Sasa la tatu, na hili sijamwambia mtu, hata baba Atu ambaye yuko safarini na lori. Saa saba wote walipokuwa wanakula, nilianza na kompyuta ya Edgar, nikafungua folda la vipande, nikavichagua vyote arobaini na kimoja vikawa vya bluu, nikaweka kidole juu ya Delete. Kidole kilikaa pale muda mrefu. Atu alikuwa ananyonya, ananipapasa kidevu.

Sikufuta. Msinisifu. Si kwamba nina moyo mzuri. Nilifikiria tu kwamba nikifuta, bosi atasema mnaona, mwanamke na hasira zake, na mimi nitakuwa nimempa sababu kwa mikono yangu mwenyewe. Vipande vingeandikwa upya na mtu yeyote mwenye mikono miwili. Mimi ndiye ningebaki sina kiti.

Maana kinachoniuma ni kile kiti. Fotokopi si kazi mbaya, nimeifanya, imenilisha. Lakini ukishakaa fotokopi mwaka mzima, hakuna atakayekumbuka kwamba ulikuwa unajua kitu. Hata wewe mwenyewe unasahau. Programu zinabadilika, unabaki unauliza, "Nakala ngapi?" Na mtoto anakua, kweli, lakini mpaka akue, Edgar atakuwa amekalia kile kiti mpaka kimechukua umbo lake. Halafu wataniambia nini? Pole?

Na huyu mtoto wanayemsema ndiye aliyefanya vipande vikapatikana! Asingekuwepo, ningeandika ukurasa wa gesti kwa mikono miwili, herufi moja moja, mpaka leo. Wanataka faida ya mtoto, mtoto hawamtaki.

Nimesema naandika kwa hasira. Mtanisamehe.

Nimetunga maneno ya kumwambia bosi kesho, kabla hajavua koti. Edgar nitamfundisha. Nitamfundisha vizuri, bila kuficha hata kimstari, kwa sababu siwezi kufundisha vibaya halafu nikamtazama mwanangu. Ila nitamfundisha nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, Atu akiwa na njaa atanyonya, na Ijumaa kazi ya Bana Chanda naimaliza mimi. Asipotaka hayo, Edgar ajifundishe mwenyewe.

Yalikuwa maneno mengi, nikayapunguza. Nikiongea sana kwa bosi huwa naishia kuomba msamaha, najijua. Yamebaki haya: "Bosi, fotokopi siendi."

Nimeyasema kwa sauti hapa chumbani mara tatu. Mara ya kwanza niliishia kwenye "Bosi". Ya pili nikakohoa. Ya tatu yalitoka vizuri, mpaka Atu akafumbua macho, akanitazama, akalala tena.

Na bosi akinijibu, "Basi nenda nyumbani"? Hapo sina maneno bado. Kukipambazuka nitakuwa nayo, au nitaingia pale bila hayo.