Kayamba Lililovalishwa Shati

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, na kwamba mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuinamia mashuka ya hoteli umepata nafuu. Mimi mwili ni mzima. Mwanao naye ni mzima, anakula vizuri, na ile suruali niliyomkatia juzi juzi tayari imepanda, inataka kuwa kaptura. Bi Pindo, yule mpinda mashati wangu, anakusalimu sana na anauliza kama huko hotelini shuka likichanika linashonwa au linatupwa, maana kama linatupwa yeye yuko tayari kulipokea.

Najua utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Soma polepole, usiruke mstari. Nitakufikisha.

Kwanza nitoe la moyoni. Siku ile uliponiambia kwenye simu, nimeweka sauti ya juu na mafundi wangu wote watatu wanasikia, kwamba mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane hajasema hata "mama" kwa sababu namchezesha na takataka na wala simsemeshi, uliniumiza. Mimi nilianza na cherehani moja ya kuazima, kwenye baraza ya nyumba ya watu, nikikaa juu ya ndoo. Leo ninazo nne na mlango wenye kufuli langu mwenyewe. Sijazoea kuambiwa sijui ninalofanya mbele ya watu ninaowapa kazi. Nilinyamaza kwa kuwa ulikuwa unalia. Sasa acha nikueleze hizo takataka ni zipi.

Ana mpira wa soksi, soksi sita zimejazwa ndani ya moja, nimeushona kuzunguka mara mbili asije akachomoa kitu akameza. Ana reli tupu za uzi, vile vibomba vinavyobaki uzi ukiisha, kumi na mbili, nimezitunga kwenye lastiki pana, anaziburuta sakafuni kama treni. Ana makopo matatu yanayoingiana, midomo nimeikunja na kuizungushia kitambaa isimkate. Ana boksi la viatu nililolitoboa mwanya juu, na kazi yake kubwa ni kutumbukiza vifuniko vya chupa za jamu humo, kimoja kimoja, kisha analipindua na kuanza upya. Bi Pindo humwita karani wa benki, anasema hajawahi kuona karani anayepokea siku nzima bila kutoa risiti. Na hakuna kinachofika mkononi mwake kabla sijakipima kwenye lile bomba la karatasi linalobaki tishu ya chooni ikiisha. Kikipita humo, kinaweza kumkaba koo, nakiondoa. Ndiyo maana vifungo, ambavyo hapa vimejaa kila kona, havigusi kabisa, ingawa sisi wote tunamwita Kifungo.

Na kumsemesha, tunamsemesha. Unamjua Bi Pindo. Ndani ya chumba hiki mtu hapati nafasi hata ya kupiga chafya.

Basi kwa uchungu wa maneno yako nikasema nitamtengenezea kitu ambacho hata wewe ukikiona utakosa la kusema. Alikuwa na kayamba alilolipenda kuliko vyote: chupa ya maji ya nusu lita, nyeupe inayoonyesha ndani, nimetia maharage thelathini na kifuniko nimekibana kwa gundi. Analitikisa, macho yanafuata maharage yakipanda na kushuka, anacheka peke yake. Nikatengeneza la pili, chupa sawa, maharage idadi ileile, ila hili nikalivalisha shati. Kitambaa chekundu kilichobaki kwenye sare za shule, kola shingoni, vifungo nikavidarizi kwa uzi. Bi Pindo akasema kayamba hilo limependeza kuliko mume wake siku ya harusi yao, na aliyemshonea mume wake alikuwa ni yeye.

Kifungo akalipokea, akalitikisa mara moja, akalitazama. Akaliweka chini. Akaenda kuchukua lile la zamani.

Nikadhani kitambaa kimeziba mlio. Nikafumua, nikamwaga maharage, nikatia kokoto. Akalitikisa, akaliweka. Nikatoa kokoto nikatia nati, likawa na kelele ya kuumiza kichwa, hadi fundi anayekaa karibu na mlango akaniuliza kama nimeamua kuwafukuza wateja. Mwanao akalifanya kijiti cha kusukumia boksi lake. Mwishoni nikalivua shati ili nione nimekosea wapi. Nati zikaonekana. Akalinyakua mkononi mwangu, akalitikisa, akacheka.

Nikalichukua, nikapita nyuma yake, nikalitikisa karibu na sikio lake kwa nguvu zangu zote. Alikuwa ameshika kifuniko. Akakitumbukiza. Akachukua kingine. Bi Pindo akaondoa mguu kwenye cherehani. Wengine nao wakaacha, mmoja baada ya mwingine, chumba kizima kikawa kimya, na yeye hakugeuka kuangalia kwa nini tumenyamaza.

Mdogo wangu, mtoto hasikii.

Nilimpeleka hospitali kabla sijakwambia, maana sikutaka kukupa wasiwasi usio na uhakika. Mtaalamu wa masikio alimpima nikiwa nimempakata, akampima tena siku nyingine akiwa amelala. Alinieleza kwamba masikio yote mawili hayapati kitu isipokuwa kelele kubwa mno, na kwamba inaelekea amezaliwa hivyo. Nikamuuliza kama ni ngurumo za cherehani zangu. Akasema siyo. Nikamuuliza kama ni mimi na hivi vitu ninavyomchezesha. Akaweka kalamu chini, akasema, "Mama, bila hivyo mngechelewa zaidi." Kuna vifaa vya kuvaa masikioni, atajaribiwa, vinaweza kumsaidia kidogo au visimsaidie. Lugha ya alama aanze sasa hivi, bila kungoja. Na akasema wa kwanza kujifunza awe mama yake.

Tangu hapo nimekuwa nikiyapitia yale tuliyokuwa tukimsifia. Kwamba ni mtulivu, analala chini ya meza ya kukatia cherehani zote nne zikinguruma. Kwamba ni jasiri, radi haimshtui. Kwamba anapenda muziki, kwa sababu lile gari la kuimba ulilomtumia hulilaza shavuni na kufumba macho. Alikuwa anaupokea mtetemo, mdogo wangu, shavuni. Mimi ninayeona kasoro ya nusu sentimita kwenye pindo nikiwa nimesimama mlangoni, nilikuwa naye kila siku na sikuliona hilo.

Na sasa nikwambie lililonifanya nishindwe kushika simu. Jumapili iliyopita ulipoomba nimwekee sikioni umwimbie, majibu ya hospitali nilikuwa nayo tayari. Yalikuwa mezani mbele yangu. Nilimwekea. Ukaimba ule wimbo wa kubembeleza aliokuwa akituimbia mama, ukaufikisha mwisho, ukaurudia. Alicheka sana. Ukaniuliza, "Anasikia, dada?" Nikakujibu, "Si unamsikia anavyocheka?" Alikuwa anacheka kwa sababu nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, namkunjia uso na kumtolea ulimi, machozi yananitoka, ili upate kicheko chake. Sikuweza kukunyang'anya wimbo wako nawe uko peke yako huko.

Usiimbe tena kwenye simu. Omba ruhusa uje. Wakikunyima, njoo hivyo hivyo, chumba cha nyuma ni chako. Ya takataka sijayasahau, tutagombana ukifika. Ila ukifika usimwite. Kanyaga kwa nguvu ukiwa mlangoni. Sakafu yetu ni ya mbao, miguu yake itamwambia na atageuka.

Hapa ndipo mtu huandika kwamba mtoto anakusalimu. Siwezi kukuandikia uongo mwingine. Siku hizi ameanza kutupa majina kwa mikono yake. Mimi ni vidole viwili vinavyokata kama mkasi. Bi Pindo ni kiganja juu ya kichwa, kwa ajili ya kilemba chake. Jana nilimwonyesha picha yako nikamwelekezea kidole. Aliitazama kwa muda mrefu, akanitazama mimi, mikono yake ikabaki mapajani.

Bado hajakupa jina. Njoo akupe.

Ni mimi dada yako,
anayekungoja.