Amerika ya Célestin ni kinu changu

Jumatano, Katoyi

Muongo yule! Leo Célestin ameelezea kwenye radio historia ya kikundi chao cha kuimba bila gitaa. Eti alikianzisha yeye peke yake kule mtaa wa Himbi, eti mapigo walitoa kwenye diski za Amerika. Amerika gani? Walijifunzia hapa uani, kwenye lupango yetu, mimi nikitwanga majani ya muhogo ya sombe, wao wakifuata kinu. Na sombe ikiiva, Célestin ndiye wa kwanza kunawa mikono.

Bwana yangu ndiye aliimba sauti ya chini kwenye kikundi hicho. Célestin hakumutaja hata jina! Tangu augue mapafu haimbi tena, na ninaogopa huzuni itamumaliza. Nikataka kuzima radio, akanizuia.

"Mama Furaha, twanga kidogo."

Nikatwanga kinu kitupu. Akaimba. Sauti imepunguka, lakini iko.

Célestin abaki na radio yake.