Ningu wa Mto Simiyu

Mpwa wangu Kabula, ng'wadila.

Mto Simiyu wote uko mikononi mwangu. Wataalamu wa samaki hawatupi wavu kabla sijanusa maji. Tukimnasa ningu, ambaye sasa ni adimu, tunampima, tunamkata ncha ya pezi iwe alama, tunamrudisha. "Mzee, asife hata mmoja," wananiambia, "hawa ndio waliobaki."

Gari lao limekwama Maswa, maana mafundi wamekimbilia malori ya wanunuzi wapya wa pamba. Siku ya nne niko peke yangu, ugali na upepo. Juzi nilinasa ningu mkubwa kama ndama. Kwenye fomu nikaandika: amerudishwa.

Msalimie dada yangu, Mungu awanenepeshe nyote.

Ila nikuambie wewe tu: bado yuko kwenye ndoo yangu ya kuogea. Asubuhi ninamwamkia Kisukuma, hakuna mwingine wa kumwamkia. Nitamwachia kesho, kama nilivyosema jana.

Mjomba wako