Kiti cha dereva kiko sebuleni

Wewe, uko hapo? Acha nicheke kwanza, maana nikianza kulia sitamaliza.

Unaujua ule usukani wa mashindano alioununua shemeji yako, wa kuendeshea magari ya kwenye skrini. Wiki nzima sebule yangu imekuwa gereji. Kafunga pedali kwenye fremu ya chuma, meza ya chakula kaisukumia koridoni. Kila anayeingia anaambiwa, "Hapa na barabarani hakuna tofauti."

Leo mama mkwe ana miadi ya macho, aliyoisubiri tangu mvua zianze. Tumetoka naye kwa mlango wa jikoni, mkoba mkononi, nafungua mlango wa gari.

Hakuna kiti cha dereva.

Narudia. Gari letu halina kiti cha dereva.

Namuuliza bwana mkubwa. Ananijibu bila kupepesa macho: "Nimekifunga sebuleni usiku, na mkanda wake. Mwili lazima uzoee kiti chenyewe."

Akaenda jikoni, akarudi na stuli. Stuli ninayokalia nikimenya vitunguu. "Ni hapo tu, nitaendesha polepole."

Mama mkwe akaitazama ile stuli. Akageuka, akarudi ndani. Nikajua anaenda kulia.

Tumemkuta kwenye kile kiti, mbele ya skrini, kajifunga mkanda, mkoba mapajani.

"Haya baba, nipeleke hospitali. Si ulisema hakuna tofauti?"

Mpaka sasa hataki kushuka. Mwanawe kasimama mlangoni, kakumbatia stuli.

Njoo na gari lako utuokoe. Ila angalia kwanza kama kiti kipo, maana juzi mumeo alikuwa hapa anampongeza.