Kompyuta ya Duka Inawaka, Msimwite Fundi

Mama, kompyuta ya duka inawaka. Chai iko kwenye chupa.

Jana kaka aliongeza neno nomodeset kwenye faili la GRUB, programu inayoiwasha mashine, ili kioo kisiwe cheusi, akatamba kamaliza. Asubuhi kioo cheusi, lawama zote kwangu! Kumbe hakuendesha update-grub, amri ya kuyaingiza mabadiliko, kwa hiyo mashine haikuwa na habari na neno lake. Nimeliandika kwenye menyu ya kuwashia nikaingia, nikaendesha amri hiyo, nikawasha upya, kisha nikaiuliza mashine yenyewe imewashwa kwa maneno gani: cat /proc/cmdline. Neno limo.

~~Samahani kwa kupiga kelele.~~ Hiyo nimeikata. Nilipiga, na nitapiga tena.

Kaka akiamka, asiguse kitu kabla hajaniomba radhi.

Binti yako, yule “mharibifu”