Ugali Niliokataa Mikononi Mwako

Nafula, binti yangu,

Natumai uko salama huko hospitalini unakofanya kazi. Mimi bado niko Elburgon, bado nabeba mbao kiwandani, na mgongo bado unalalamika.

Nakumbuka ile wikendi ya kwanza ulipotoka chuo cha matibabu pale Nakuru ukaja kunitembelea. Ulishika mkono wangu ukaichora mifupa juu yake kwa kalamu: kumi na minne ya vidole, mitano ya kiganja, minane midogo ya kifundo. Jirani yangu Mama Shiro akachungulia mlangoni.

"Daktari, hebu mtafutie huyu mzee mfupa wa uvivu."

"Huo nimeukosa, mathe. Labda aliuacha kiwandani."

Nilicheka mpaka nikakohoa.

Ukaniambia damu yangu ina chuma, na chuma hicho ndicho hubeba hewa kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Mimi niliyeachia shule darasa la sita nilidhani chuma ni cha misumeno tu. Ukaniambia jasho hutoka na chumvi ya mwili, ndiyo maana shati langu hukauka likiwa na madoa meupe. Nilijiona mtu wa maana, kubeba vitu vyote hivyo ndani yangu bila kujua.

Kisha nikakuuliza mnajifunzia wapi.

"Kuna mzee mmoja, baba. Alifariki. Tunampasua polepole, tunajifunza." Ulimtaja kwa heshima, kama mtu anayemtaja mwalimu wake.

Ulikuwa umeshasonga ugali na kupika sukuma. Ukanikatia kipande, ukanipa. Nikairudisha sahani.

"Kwa mikono hiyo? Kwetu hatufanyi hivyo."

"Baba, nimenawa."

Ulikula peke yako, ukaosha vyombo vyote, hata sahani yangu ambayo sikuigusa, ukachukua begi lako. Hujarudi tena. Siku uliyofuzu niliisikia kwa mama yako, kwenye simu.

Mwezi uliopita ubao ulinichana mkono wa kushoto. Daktari aliyenishona alikuwa msichana wa rika lako. Nilimuuliza alijuaje kuukwepa mshipa mkubwa. Akacheka. "Maiti walinifundisha, mzee." Nikamshukuru, nikampa mkono wa kulia. Nilipofika nje ndipo nikaelewa nilichofanya. Nikakaa kwenye ngazi za zahanati, nikautazama ule mkono wa kulia.

Nafula, nilikudanganya. Mama yangu, uliyerithi jina lake, ndiye aliyekuwa akiosha maiti kijijini kwetu. Alikuwa akirudi, ananawa, anatupikia. Tulikula na kulamba vidole. Hakuna aliyekataa chakula chake. Haikuwa mila. Niliogopa kwamba umeingia mahali ambapo siwezi kukufuata, na badala ya kusema hivyo, nikakuita mchafu.

Jumapili nitakuja huko hospitalini kwako. Sitaingia. Nitasimama getini kuanzia saa nne asubuhi. Kama hutaki kuniona, mtume askari aniambie, nitarudi Elburgon na sitamlalamikia mtu. Lakini ukitoka, hata kama ni kunikemea tu, tafadhali nikemee ukiwa karibu. Masikio yangu yameharibiwa na mashine, na sitaki neno lako hata moja linipite.

Ni mimi,
Baba yako aliyekukosea